Kota Namba Kumi na Nne

Ukuta kati yetu na akina Mhongole
ulikuwa wa tofali moja, upana wa kiganja,
na kule juu, dari ilipoishia njiani,
palibaki uwazi wa kupitisha paka.
Paka alipita. Harufu ya dagaa ilipita.
Chafya ikipigwa kwao, "Pona!" ilisemwa kwetu.

Tulikaa mistari ya chini, Mgololo,
ambako ukungu uliwahi shule kabla ya walimu
na kuondoka baada ya kengele ya saa nne.
Mistari ya juu walikaa mafundi na wahasibu,
wenye mabomba ndani na miwaridi barazani.
Letu lilikuwa bomba moja kwa nyumba ishirini.
Usiku ndoo zilipanga foleni bila wenyewe,
ya mama ina tone la rangi nyekundu
ili mtu asije akasema, "Nilidhani yangu."

Kiwanda kilipika karatasi usiku na mchana.
Wageni walishuka kwenye basi wameziba pua:
yai viza, kabichi iliyosahaulika sufuriani.
Sisi tukawashangaa. Kwani kuna nini?
King'ora ndicho kilichokuwa saa yetu.
Cha kwanza, uji. Cha pili, baba na koti lake.
Cha tatu, kande ziepuliwe, watoto ndani.

Karatasi hatukununua. Baba alileta mabaki,
mapana kama shuka, rangi ya chai ya maziwa.
Tuliyashonea madaftari, tukazibia madirisha,
na Tumsifu wa kota namba sita
akaunda tiara kubwa kuliko mlango wao.
Upepo wa Agosti ukamburuta hadi kwenye misindano,
akarudi hana kiatu, hana tiara, anacheka.
Leo nikifungua rimu ya karatasi ofisini
nainusa kwanza. Hainuki chochote.
Naionea huruma, kama mtoto asiye na kwao.

Mama Lusungu alikuja kila jioni na kigae.
"Kamwene! Nigawie kaa moja tu, jirani."
Moja likawa matano, na kigoda, na kikombe,
na habari za mkwe wake wa Njombe kuanzia mwanzo.
Akishaondoka, mama alichochea jiko kwa hasira:
"Kiberiti anacho. Nimekiona."
Siku asipokuja, mama huyohuyo
alinituma: "Hebu kamwangalie yule."

Redio hatukuwa nayo. Mhongole alikuwa nayo.
Saa mbili usiku, taarifa ya habari ikianza,
sauti ilipanda upande wa pili wa ukuta,
ikapanda hadi vikombe vyetu vikatetemeka rafuni.
Nilidhani mzee haskii vizuri.
Baba alivuta kigoda, akaegemeza kisogo ukutani,
akasikiliza dunia nzima amefumba macho.
Hakwenda kushukuru. Hakuna aliyesema neno.
Ila betri za Mhongole zilipochoka,
alipoanza kuzianika juu ya ukuta wa choo
kama mahindi ya mbegu,
asubuhi moja nilimwona baba, bado giza,
akiweka betri nne mpya kwenye dirisha lao,
akanyata kurudi kama mwizi wa kuku.

Kisha king'ora kikanyamaza. Ilikuwa Jumanne.
Tulikunywa uji saa tano, hakuna aliyejua ni saa ngapi.
Harufu ilikaa wiki tatu, ikafuata watu.
Akina Tumsifu walienda Makambako,
Mama Lusungu kwa mkwe wake, kigae mkononi.
Lori la Mhongole lilipakiwa mvua ikinyesha:
vitanda, jembe, kabati lisilo na mlango,
na redio mapajani mwake, imevikwa sweta la mtoto.
Walipeana mikono na baba, wakaongelea barabara,
matope ya Nyololo, bei ya mbolea.

Usiku ule paka alikaa kwenye uwazi,
hajui arukie upande gani.
Saa mbili ilipofika, baba akavuta kigoda,
akaegemeza kisogo ukutani, akafumba macho.
Mama akangoja. Akangoja tena.
"Baba Tulinagwe, nizime taa?"
"Subiri kidogo," akasema. "Michezo bado."